Mpira Uliopauka: Maneno Mawili Mapana katika Ufundi wa Magari ya Zamani

Miongoni mwa maneno ya ufundi wa magari tunayoyakusanya kwa ajili ya orodha ya istilahi, yapo mawili ambayo kila mtu anadhani anayajua, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeona haja ya kuyauliza maana. La kwanza ni mpira, la pili ni mafuta. Kila moja ni neno la siku nyingi lililoitumikia lugha yetu vizuri. Lakini yanapokutana katika agizo moja, kwamba mpira huu upakwe mafuta, huweza kuharibu kitu kisichopatikana tena dukani, na pengine kuhatarisha maisha ya watu. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyofika hapo, kwa kufuata historia ya zile sehemu nyeusi za magari ya zamani, yaani mipira ya milango na vioo, bampa, dashibodi na usukani, ambazo jua huzipausha na wenye magari hutamani zirudi kama zilivyotoka kiwandani.

Huenda ndugu msomaji akauliza kwa nini gari kuukuu litushughulishe. Ukweli ni kwamba magari hayo yamekwisha kupata heshima yake. Jijini Nairobi maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, yamewazoeza watu kuona gari la zamani likikaguliwa hadi uvunguni kama johari. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953, yalipata mdogo wake 2003, yale ya magari ya zamani peke yake. Na nje ya maonyesho na mashindano wapo wengi wenye Volkswagen, Peugeot au Land Rover ya baba au ya babu, nao wanataka iendelee kwenda. Bati lililooza hukatwa na kuchomelewa jingine. Injini huchongwa. Mpira hauchomelewi wala hauchongwi, tena huzeeka hata gari likiwa limefunikwa turubai bila kwenda popote. Hapo ndipo fundi anapoombwa aurudishe ujana wake, na hapo ndipo lugha anayoagizwa kwayo inapokuwa na uzito.

Tuanze na mpira. Kabla ya kuwa kitu cha gari neno hili lilikuwa jina la mmea. Katika misitu ya Afrika ya Mashariki na ya Kongo imo mitambaa inayotoa utomvu mweupe, nao utomvu huo ukigandishwa hunyumbuka. Mbungo, ambao matunda yake hufanywa kinywaji Unguja na Pemba, ni jamaa ya mitambaa hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu huo ulikuwa bidhaa kubwa, na katika nchi ya Kongo iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Pili kuanzia 1885 hadi 1908 ulikusanywa kwa mateso yasiyosahaulika. Wajerumani walipanda aina ya mihogo-mpira kutoka Brazil katika mashamba ya upande wa Tanga, biashara iliyoanguka 1913 bei iliposhushwa na mpira wa mashamba ya Asia. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa 1939 inaupa mpira maana ya mmea, ya utomvu, na ya tufe la kuchezea. Tangu hapo maana zimezaana. Mgonjwa huwekewa mpira hospitalini, bustani humwagiwa maji kwa mpira, na vijana hucheza mpira. Fundi wa gari ana mpira wa mlango, mpira wa kioo, mpira wa breki, na mpira wa maji ya rejeta. Upana huu ni utajiri, nasi hatuna nia ya kuupunguza. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba vitu vinne alivyovitaja fundi huyo vinaweza kuwa vimetengenezwa kwa mali ghafi nne zisizofanana hata kidogo, ilhali jina linatuambia kuwa ni kitu kimoja.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba mpira kwa asili hauna weusi wowote. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na kiberiti, tuseme salfa ili tusichanganye na kiberiti cha kuwashia jiko, hauyeyuki tena kwa joto wala haukauki kwa baridi. Mwingereza Thomas Hancock aliomba hataza ya jambo hilohilo 1843, na rafiki yake William Brockedon akaipa kazi hiyo jina kutokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale. Mpira uliopikwa hivyo ulikuwa wa rangi ya kahawia au ya kijivu hafifu. Ndiyo sababu yule mtu wa matairi wa kampuni ya Michelin, aliyechorwa mara ya kwanza 1898, ni mweupe mpaka leo: matairi ya wakati wake yalikuwa meupe-meupe. Weusi ulikuja baada ya 1904, ilipogunduliwa katika kiwanda cha Silvertown, London, kwamba masizi yakikandwa ndani ya mpira huufanya uwe na nguvu zaidi ya ule usio nayo. Tena masizi yana fadhila nyingine. Humeza miali ya urujuanimno ya jua kabla haijaingia ndani na kukata nyuzi za mpira. Kwa hiyo weusi wa mpira wa gari ni kinga iliyokandwa ndani yake kabla ya kuwa pambo, na anayeona weusi umeondoka hana budi kujiuliza ni nini kingine kilichoondoka nao.

Tunafika kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye mzizi wa tatizo. Fundi akiona mpira wa kioo umegeuka wa kijivu, husema umepauka. Ni neno zuri, na linaeleza sawasawa kile macho yanachokiona. Lakini asili yake ni ngozi ya mtu. Mtoto aliyeoga maji ya kisimani bila kujipaka kitu hupauka miguu, na mama yake humwita ampake mafuta. Neno na dawa yake vimezaliwa pamoja. Yeyote aliyekua katika Kiswahili akisikia kwamba kitu kimepauka mkono wake huenda kwenye chupa ya mafuta pasipo kufikiri. Basi mpira uliopauka hupakwa mafuta, na kwa kuwa ni gereji, mafuta yaliyo karibu ni dizeli, mafuta ya taa, au oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Mpira hung'aa papo hapo. Mwenye gari hufurahi na kulipa.

Kinachotendeka ndani ni kingine. Ngozi hupauka kwa kukosa unyevu na mafuta yake ya asili. Mpira hupauka kwa sababu jua na oksijeni vimeula uso wake, na kilichobaki juu ni unga wa chokaa na udongo mweupe uliokuwa umechanganywa ndani tangu kiwandani. Mpira wa asili ukinyweshwa mafuta yatokanayo na petroli hauponi. Huyafyonza, huvimba, hulegea, na baada ya miezi hupoteza umbo. Mpira wa mlango uliovimba hauingii tena katika mfereji wake. Mvua ya masika hupenya, maji hukaa chini ya zulia, na sakafu ya bati huoza. Gharama ya kung'arisha mpira inageuka kuwa gharama ya kuchomelea sakafu.

Ugumu ni kwamba si kila mpira hutendwa hivyo, na hapa upana wa neno hutuponza zaidi. Kampuni ya Du Pont ya Marekani ilitangaza niopreni 1931, mpira wa kutengenezwa usiosumbuliwa sana na mafuta wala jua. Nitrili, iliyofuata muda mfupi baadaye, hukaa ndani ya oili miaka mingi, na ndiyo inayotengenezewa oili sili. Vita ya pili vilipowakatia Wamarekani mpira wa Malaya 1942, walitengeneza kwa wingi mpira wa kiwandani wa matairi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaingia sokoni aina iitwayo kwa kifupi EPDM, ambayo sasa ndiyo ya mipira mingi ya milango. Hiyo hustahimili jua, maji na ozoni vizuri mno, lakini oili ya injini huiharibu vibaya kama inavyouharibu mpira wa asili. Fundi aliyeona oili sili ikiogelea katika oili miaka 20 pasipo kudhurika ana haki ya kudhani kwamba mpira na oili ni marafiki. Jicho halikumdanganya. Lililomdanganya ni jina moja kutumika kwa vyote viwili.

Wajerumani, ambao baridi yao hugandisha mipira ya milango ikang'ang'ania bati, walizoea kuipaka mafuta ya kulungu. Wengine hutumia gliserini, na wengine poda ya talki, ile inayopakwa pia tyubu za matairi. Vyote hivi haviudhuru mpira, kwa kuwa havikutokana na petroli. Baada ya silikoni kuingia katika biashara miaka ya 1940, ilipendwa upesi kwa kung'arisha, nayo haiuli mpira wa kawaida. Lakini ikimwagikia bati linalongojea kupigwa rangi, rangi hukataa kushika na kufanya vidoti kama macho ya samaki. Wapiga rangi wengi huikataza kabisa isiingizwe katika chumba chao, nasi tunawaunga mkono.

Mahali ambapo mkanganyo huu ni wa hatari ya kweli ni kwenye breki. Malcolm Loughead wa Marekani alipata hataza ya breki za kusukumwa kwa kimiminika 1917, na kampuni ya Duesenberg ikauza gari lenye breki hizo magurudumu yote manne 1921. Kwa miaka mingi kilichotiwa ndani kilikuwa mchanganyiko wa spiriti na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo. Kwa hiyo jina mafuta ya breki lilipokuja kwetu lilikuwa na haki yake. Yalikuwa mafuta ya kweli, tena ya mmea, yasiyoudhuru mpira wa asili. Baadaye viwanda vilihamia kwenye vimiminika vya jamii ya glikoli, ambavyo kikemia si mafuta hata chembe, lakini jina halikuhama. Hadi leo tunasema mafuta ya breki, mafuta ya injini, mafuta ya usukani, mafuta ya taa. Mwenye gari la zamani akiyamimina ya injini mahali pa yale ya breki, mipira iliyo ndani ya silinda ya breki huvimba. Kanyagio huweza kukataa kurudi, breki zikashika zenyewe, au mipira ikaraduka na breki zisishike kabisa.

Historia ya gari la Citroën DS inaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yetu. Gari hilo lilipoonyeshwa Paris 1955 lilistaajabisha kwa sababu kimiminika kimoja kiliendesha springi zake, breki zake na usukani wake. Kimiminika cha kwanza kilitokana na mimea, kikafuatwa na cha kutengenezwa kilichokuwa chekundu. Vyote viwili vilivuta unyevu wa hewani na kusababisha kutu. Mwishoni mwa 1966 kampuni ilihamia kwenye mafuta ya madini ya rangi ya kijani. Kwa kuwa mipira ya mfumo wa kwanza ingevimba katika mafuta mapya, na ya mfumo mpya ingeharibiwa na kimiminika cha zamani, Wafaransa hawakutegemea jina. Walitegemea rangi: vyombo vya mfumo mpya vilipakwa kijani, ili fundi ajue kwa jicho kipi ni cha wapi. Anayekarabati DS leo hutazama rangi ya vyombo kabla ya kugusa kopo. Twaweza kusema kwamba ile kijani ilikuwa istilahi iliyopakwa kwa brashi.

Je, tubadili jina? Tumelifikiria hilo sana. Wapo wanaosema maji ya breki, jina ambalo kwetu ni baya zaidi, maana glikoli hunywa unyevu, na maji yakiwa mengi ndani yake huchemka breki zinapopata joto mteremkoni. Kiowevu cha breki ni sahihi, lakini fundi aliye chini ya gari hatalitamka, na istilahi isiyotamkwa ni mapambo ya kitabu. Maoni yetu ni kwamba katika mazungumzo mafuta ya breki yabaki, na katika maandishi ya makopo na ya vitabu vya mafunzo kiandikwe kiowevu cha breki, ili anayesoma asimame kidogo kabla ya kumimina.

Sehemu za plastiki tutazipitia kwa haraka zaidi, ingawa nazo zina mikasa yake. Bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland 1907, ilitumika kwa vifuniko vya umeme na vishikio. Hiyo hupoteza mng'ao, haipati ulaini wala haiupotezi. Plastiki ya PVC ni ngumu kwa asili, na Waldo Semon wa kampuni ya Goodrich ndiye aliyeilainisha 1926 kwa kuichanganya na vilainishi. Vilainishi hivyo havikai milele. Gari likianikwa juani hutoka kidogo kidogo, na ule ukungu wenye mafuta unaoshika kioo cha mbele kwa ndani, ambao watu hudhani ni moshi wa sigara, kwa sehemu kubwa ndio huo. Dashibodi iliyokwisha kupoteza vilainishi vyake hupasuka, na hakuna cha kupaka kitakachovirudisha ndani kwa kipimo cha kiwandani.

Bampa zimetuletea jina la uongo ambalo kosa lake halikuanzia kwetu. Sheria za Marekani za mwaka 1973 kuhusu migongano ya mwendo mdogo zilipovilazimisha viwanda kubadili bampa, gari la Kiingereza la MGB lilipewa mwishoni mwa 1974 bampa kubwa nyeusi. Waingereza wenyewe huliita tangu hapo MGB la bampa za mpira, na hali bampa hizo ni za poliyurethani iliyofunika chuma. Anayezitendea kama mpira hukosea tangu mwanzo. Magari kama Peugeot 205 na Volkswagen Golf ya pili, yote ya 1983, yalikuja na bampa za plastiki nyeusi zisizopigwa rangi, nazo zimekuwa za kijivu kote duniani, sembuse huku jua linapopita utosini. Wako mafundi wanaozipitishia hewa ya moto mpaka uso uanze kulainika, na weusi hurudi mara moja kana kwamba ni mazingaombwe. Kilichofanyika ni kuufunika uso uliokufa kwa ngozi nyembamba iliyoyeyuka. Baada ya majira machache hupauka tena, na kila safari plastiki huzidi kuwa dhaifu, tena mkono ukizidi kidogo bampa hupinda. Afadhali kuusugua ule uso uliokufa uondoke, kisha kuitia rangi ya plastiki au kuipaka utando unaozuia jua.

FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, lilitoa mwanzoni mwa miaka ya 2010 Hati ya Turin, ambamo kuhifadhi kitu kilivyo, kukizuia kisiharibike zaidi, na kukirudishia hali ya mwanzo vimetenganishwa kuwa kazi tatu mbalimbali. Gerejini kwetu zote huitwa kufufua. Hatulipendi neno hilo kwa mpira, wala kuhuisha ambalo baadhi ya watangazaji wa dawa za kung'arisha wamelichagua kwa uzuri wa sauti yake. Linamwahidi mwenye gari jambo ambalo kemia haiwezi kulitimiza. Nyuzi za mpira zilizokatika hazijiungi tena.

Kwa hiyo tunapendekeza kupauka kubaki, lakini kwa maana finyu: uso umegeuka wa kijivu na ndani bado kuzima. Mpira ukishakuwa mgumu hadi ndani, umekakamaa. Ukinywa mafuta, umevimba. Ukifanya nyufa pale unapovutwa, kazi ambayo mara nyingi ni ya ozoni, umechanika kwa ozoni, na fundi aandike hivyo kwenye karatasi ya kazi. Uliopauka huoshwa kwa sabuni, husuguliwa na kurudishiwa weusi, maneno ambayo yanasema kilichofanyika bila kutia chumvi. Kung'arisha kubaki kwa ule mng'ao wa juu usiodumu, nao wala si dhambi, alimradi mteja aambiwe. Uliokakamaa, uliovimba au uliochanika hubadilishwa. Na ukiwa ni wa breki hakuna la kujadili. Mwenye Volkswagen ya kobe ana bahati, maana gari hilo liliundwa Mexico hadi 2003 na mipira yake mipya ingali inauzwa. Wengine hulazimika kupima mfereji wa mlango na kutafuta mpira wa gari jingine unaokaribiana, kazi ambayo mafundi wetu huifanya kwa ustadi mkubwa na ambayo bado haina jina.

Limebaki moja linalotushinda. Magari mengi ya miaka ya 1990, ambayo sasa yanaingia katika hesabu ya magari ya zamani, yana vitufe na vishikio vya plastiki vilivyopakwa utando laini kama ngozi ya pichi. Unyevu wa pwani huuvunja utando huo ukawa kama asali, ukashika vidole na vumbi. Haukupauka, haukukakamaa, haukuvimba. Kunata hakutoshi, kwa kuwa gundi nayo hunata ikiwa nzima. Tunawaomba mafundi na wenye magari walio Tanga, Mombasa, Unguja na kwingineko watuandikie jinsi wanavyoliita jambo hilo, pamoja na kile wanachokitumia kuuondoa utando huo pasipo kuifuta michoro iliyo chini yake.